Mchagua Kadi

Ungemkuta Rula mbele ya kabati la vioo la duka la kompyuta, mikono nyuma, shingo mbele, ungeapa mzee wa watu anachagua mke wa pili. Kadi za picha zilipangwa mle ndani, kila moja na boksi lake la rangi, naye aliziulizia moja moja kama mzazi anayetaka kujua ukoo wa mkwe. Hii imetoka kwa nani? Ni mpya au imetumika? Ina tabia ya kupandisha joto? Umeme inakula kiasi gani, na ikishiba inapiga kelele? Mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye maneno mengi na subira kuyazidi maneno yenyewe, alikuwa amemzoea kiasi kwamba akimwona anavuka barabara alimsogezea kiti.

"Karibu, mzee wangu. Leo umekuja kuposa, au kuchungulia tu kama jana?"

"Kitu cha kukaa na mtu miaka hakitaki pupa, mama."

"Haya. Ila utakuja siku moja ukute kaolewa."

Rula alicheka, akaaga, akaondoka mikono mitupu. Ndivyo alivyotaka.

Jina hilo la Rula alilipata kazini, kwenye ofisi ya wachora ramani za majengo, ambako alichora nyumba za watu mpaka akastaafu. Yeye alistaafu, rula ya mfuko wa shati haikustaafu. Nyumbani alipima pazia, alipima pengo kati ya kochi na ukuta, na mkate aliukata vipande ambavyo fundi mwashi angevipokea kwa mikono miwili. Mkewe hakuchoka kusimulia kwamba siku ya kwanza walipokutana, bwana huyu alimpima kwa jicho tangu kisigino hadi utosi, akaridhika, ndipo akakumbuka kumsalimia.

Shughuli yenyewe iliyompeleka dukani ilikuwa ndogo, mtu mwingine angeimaliza kabla chai haijapoa. Binti yao wa mwisho, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda kwa kuwa ni kitindamimba, kazi yake ilikuwa kuandika yale maneno yanayopita chini ya filamu, ili asiyesikia, au asiyejua lugha ya wanaosema, naye acheke mahali pa kucheka. Aliifanyia kazi hiyo kwenye meza ya kulia chakula, sebuleni, televisheni ya mama yake upande mmoja na mlango wa jikoni upande mwingine. Kompyuta yake ilikuwa ile ya zamani ya maofisini, boksi jembamba lililolala chini ya skrini moja. Filamu na maneno vilibanana kwenye skrini hiyo hiyo, akawa anafunua hiki na kufunika kile kutwa nzima, mpaka kiganja kikavimba akakifunga bandeji.

Kampuni iliyompa filamu hizo ilimchukua kwa majaribio hadi mwisho wa mwezi. Akienda na kasi ya wenzake, anaajiriwa. Akibaki nyuma, kwaheri ya kuonana. Na wenzake wote walikuwa na skrini mbili. Kitinda naye skrini ya pili alikwisha kuipata, ilikaa sakafuni imefunikwa shuka kama mgonjwa, kwa sababu kompyuta yake ilikuwa na tundu moja tu la kutolea picha. Kilichopungua ni kadi, kile kibamba cha kuchomeka ndani ya boksi ili mashine iweze kulisha skrini mbili.

Rula alisimama mbele ya shangazi za mtoto na majirani wawili, akajipiga kifua. "Kadi ni juu yangu! Mtoto asitoe hata senti. Mimi mwenyewe nitaichagua, nzuri, ya bei ya kibinadamu, na nitaifunga kwa mkono wangu." Akapigiwa makofi, akayapokea.

Wageni walipoondoka, Kitinda alimshika baba yake mkono. "Asante sana, Baba. Basi mashine ikikaa sawa tu, nahama. Nimepata chumba ng'ambo ya mji, kimya kabisa, kodi nimekwisha lipa."

Mama alipiga vigelegele. Rula alisema, "Ala! Vizuri, vizuri," akaendelea kutafuna. Na tangu siku ile kadi zote za mji mzima zikaanza kuwa na kasoro.

Tuseme ukweli mapema tusije tukazungushana: Rula hakutaka binti yake aondoke. Ndugu zake wakubwa walikwisha kwenda, mmoja baada ya mwingine, nao walikuja kusalimia mikono imejaa na jicho kwenye saa. Kitinda ndiye aliyebaki, na kila asubuhi, kabla mama hajaamka, wawili hao walikunywa chai kwenye ile meza na binti alimuuliza maneno.

"Baba, mtu akitaka kumwambia mwenzake kwamba anajisifu bure, wazee mnasemaje?"

"Debe tupu haliachi kuvuma."

"Ndefu mno. Maneno yanapita upesi, mtu hawahi kusoma."

"Basi andika 'debe tupu' peke yake. Mwenye akili atamalizia mwenyewe."

Binti angecheka, angeandika, na baba mtu angetembea siku nzima kama aliyepandishwa cheo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake sasa, na moyoni aliipenda kuliko ile ya ramani. Chumba cha ng'ambo ya mji kilikuwa kinakuja kumstaafisha mara ya pili.

Siku ya kwanza kabisa dukani, mwenye duka alikuwa amemsikiliza, akainama, akatoa boksi dogo kuliko yote. "Filamu na maneno tu, si michezo ya kurushiana risasi? Chukua hii, mzee. Haina makuu. Skrini mbili inazibeba bila kutoa jasho, na bei yake haimtoi mtu machozi." Rula aliigeuza, akaitazama mbele na nyuma, akatafuta kasoro kwa bidii ya mtu aliyepoteza pete, asione. Akasema atarudi.

Alirudi, na kasoro ikapatikana: haikuwa na feni. Kitu kisicho na feni kitapumuaje? Akaonyeshwa yenye feni. Hiyo nayo ingevuma, na mtoto kazi yake ni kusikiliza watu wanavyosema. Akaonyeshwa yenye feni ya kimya, akagundua kwamba ilitaka waya wake wa umeme wa peke yake, kama mgeni anayedai chumba. Nyingine ilikuwa imetumika, na nani ajuaye ilitumika na mtu wa namna gani. Siku moja alikaribia kuinunua kwa bahati mbaya kadi kubwa mno, ya bei ya kuuzia shamba, kwa sababu mwenye duka alimwambia kwa uso mkavu kwamba hiyo haina kasoro hata moja. Jasho lilimtoka. Aliokolewa na kicheko cha mama yule, aliyeshindwa kujizuia.

Nyumbani alitoa taarifa mezani kama waziri. Mkewe alimsikiliza huku akipepeta mchele.

"Mchagua nazi hupata koroma," alisema.

"Rahisi huvunja upishi, mke wangu. Unataka ninunue takataka?"

"Mimi sitaki chochote. Natazama tu. Ulipokuwa unachagua viatu vya harusi yetu, bwana harusi wa watu alikaribia kuja pekupeku."

Kitinda alicheka kwanza. Kicheko chake kilikuwa kirefu wiki ya mwanzo, kikafupika, halafu kikawa cha pua tu. Hakusema neno, maana kadi ilikuwa zawadi ya baba, na zawadi ya baba haidaiwi. Akaendelea kufunua na kufunika, bandeji mkononi.

Halafu siku moja, mchana, Rula alikuwa amesimama kwenye ujia akipima fremu ya mlango bila sababu yoyote, akamsikia sebuleni anaongea kwenye simu. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtoto aliyekosea shuleni. "Samahani sana. Najua nimechelewa tena. Hapana, wenzangu siwalaumu. Nipeni mpaka Ijumaa, nawaomba. Nitakesha." Kisha akasikia anapenga kamasi.

Rula alirudisha rula mfukoni. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima atafute pa kuficha mikono yake. Alikuwa amejidanganya kwamba anachelewesha chumba tu. Kumbe alikuwa anamnyang'anya mtoto kazi, na mtoto anaomba radhi badala yake.

Siku hiyo hiyo alivua koti akalifungua boksi la kompyuta wakati Kitinda amekwenda kununua dawa ya mkono. Akapima nafasi ya kadi, urefu wake na upana wake, akachora ramani safi yenye vipimo pande zote, mistari imenyooka kama zamani, akaikunja na kwenda nayo dukani.

"Ile ndogo ya siku ya kwanza," alisema kabla hajakaa.

Mwenye duka aliweka mkono shavuni. "Si ile isiyoweza kupumua?"

"Imejifunza. Nifungie."

"Lete basi hilo boksi la mashine nilitazame, isije ikawa lile jembamba la..."

"Mama, mimi nimechora maghorofa, na sijawahi hata siku moja kulibeba ghorofa kulipeleka dukani. Vipimo ni hivi hapa."

"Haya, mzee wangu. Ila humo ndani ya boksi la kadi kuna na ki..."

"Najua, najua." Hakujua. Alilipa, akaondoka mbio, maana aliogopa akikaa atapata kasoro nyingine.

Alipofika, alimwita mkewe na binti yake sebuleni kama anayezindua daraja. Akazima umeme, akafungua boksi la kompyuta, akaitoa kadi kwenye mfuko wake, akaishika pembeni kwa ncha za vidole, akaichomeka. Ikaingia na kutoa mlio mdogo mtamu. Urefu sawasawa. Upana sawasawa. Rula alitabasamu mpaka fizi. Kisha akachukua mfuniko wa boksi, akauweka juu, na mfuniko ukakataa.

Alibonyeza. Ukainuka upande. Akabonyeza upande huo, ukainuka mwingine. Kibati cha chuma kilichofungwa kwenye kitako cha kadi kilikuwa kinachungulia nje ya boksi, kirefu, hakina habari na mtu. Rula alitoa rula, akapima, akapima tena, rangi ikamtoka. Mchora maghorofa alikuwa amechora urefu na upana. Kimo hakukichora. Kwa hofu ya kukosa Ijumaa alisahau kwamba vitu husimama.

Mkewe alianza kucheka taratibu, akashika kiti, akakaa. "Hii sasa ni kali, Baba watoto! Hata hili umelipanga?"

"Sikulipanga!"

"Wewe? Wewe ukosee kipimo? Wewe unayepima mkate?"

"Nimekosea, mke wangu, wallahi nimekosea!"

Kitinda hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kibati. "Umefanya makusudi, Baba," alisema polepole. "Hutaki nihame."

Tumhurumie kidogo. Wiki zote zile aliongopa na watu wakamwitikia; siku aliyokosea kwa moyo safi, hakuna aliyemsadiki. Na angejiteteaje? Kosa hilo lingemwaibisha mbele ya kila mtu aliyewahi kushika penseli pamoja naye, hata hivyo lilikuwa kosa lake halali, la kwanza la kweli katika mkasa mzima, naye alijikuta anataka apewe haki yake.

"Zile nyingine zilikuwa makusudi," alisema. "Hii siyo."

Kicheko cha mkewe kilikatika. "Nyingine zipi?"

"Zote. Ya feni na isiyo na feni. Hii hapa nilionyeshwa siku ya kwanza na haikuwa na kasoro yoyote. Nilikuwa sitaki aondoke. Akiondoka, asubuhi nani ataniuliza neno?"

"Mimi nipo," mkewe alisema, lakini kwa upole.

"Wewe huniulizi. Wewe unaniambia."

Kitinda alikuwa amekaa juu ya mkono wa kochi. Macho yalimjaa, na haikuwa huruma peke yake, hasira ilikuwepo. "Kazi hii ningeikosa, Baba."

"Najua. Nilikusikia kwenye simu. Ndiyo maana nimeinunua leo."

"Ulinisikia?" Akajifuta kwa ile bandeji. "Ungeniambia tu. Ningeondoka vilevile. Ila ningeondoka najua."

Rula aliinamisha kichwa kukubali. Akaichomoa kadi kwa adabu, akaanza kuirudisha kwenye mfuko wake ili airudishe dukani. Kesho yake duka lingekuwa limefungwa. Keshokutwa, labda, na hapo Ijumaa ingekuwa imepita. Mama aliingia jikoni. Kitinda alikwenda kunawa uso. Rula alipolishika boksi la kadi, kitu kikacheza ndani. Akaligeuza, na kibati kingine kikamdondokea kiganjani, sawa na kile kirefu kwa kila kitu, ila nusu ya kimo chake, pamoja na skrubu zake mbili kwenye kimfuko. Mwenye duka alikuwa anataka kumwambia habari za hicho.

Alikuwa peke yake sebuleni. Kibati kilikuwa kidogo, kingeingia mfukoni pamoja na rula na hakuna ambaye angejua. Wala asingekuwa ameongopa. Angekuwa amenyamaza tu. Alikishika muda, kikapata joto la mkono wake. Aliwaza chai ya asubuhi, na meza tupu. Kisha akasikia maji yakifungwa bafuni, akaita kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika, kabla hajabadili nia.

"Kitinda! Njoo na bisibisi ndogo. Kuna kifupi humu!"

Walikibadilisha pamoja, yeye akishika, binti akikaza, vichwa vikigusana. Mfuniko ukalala sawasawa bila ubishi. Skrini ya pili ikavuliwa shuka, ikapandishwa mezani, nyaya zikachomekwa, na zote mbili zikawaka kwa pamoja. Kwanza zilionyesha picha moja, pacha kwa pacha, Rula akashika kifua. Kitinda akabonyeza hapa na pale, zikaachana, kila moja na yake. Akavuta kiti. Hakusubiri hata chai.

Rula alisimama nyuma yake. Filamu ikawa inakwenda kushoto, maneno yanapangika kulia, na macho ya binti yakawa yanavuka huku na huko bila kugota popote. Baba hakuwahi kumwona hivi. Alikuwa amemzoea anayesitasita, anayehangaika na madirisha, anayeinua kichwa kuuliza. Huyu hakuuliza mtu. Kwenye filamu mwanamke mmoja alimjibu mumewe mwenye makuu, Kitinda akawaza kidogo tu, akaandika: *Umechutama, unadhani umepanda mlima.* Rula aliyasoma, akaangua kicheko peke yake, kikubwa, mpaka mkewe akachungulia kutoka jikoni. Yalikuwa maneno bora kuliko yoyote ambayo yeye angempa.

Ndipo akaelewa kwamba binti huyu maneno alikuwa nayo siku zote. Zile asubuhi hakuwa amekwama. Alikuwa anamtaka baba yake aongee. Jambo hilo lilimuuma na likamfurahisha, hakujua lipi zaidi.

Alimgusa binti yake bega, akaenda kuvaa viatu.

"Unakwenda wapi, Baba?" Kitinda aliuliza bila kugeuka, vidole vikikimbia.

"Kwa majirani, kuomba maboksi makubwa. Skrini mbili huwezi kuzibeba kwapani."

Vidole vilisimama. Akageuka kwenye kiti, akamtazama baba yake anayehangaika na kamba ya kiatu. Rula alifungua mlango, akatoka.